UZI: Ferguson sio Sir Alex peke yake. Kwangu mimi Ferguson mkubwa kuliko wote ni yule wa trekta

#1 jembe_la_diski

Wakuu salaam.

Kila likitajwa jina Ferguson humu jukwaani akili za watu zinakimbilia Old Trafford moja kwa moja, kwa Sir Alex kocha wa zamani wa Man United, mzee na bigijii yake mdomoni, anaangalia saa, dakika za nyongeza. Sina ugomvi na hilo, yule mzee anastahili heshima yote anayopewa. Ila hili jina la ukoo lina watu wengi sana na wengine mchango wao unatugusa sisi huku kila msimu wa mvua na hatujui hata sura zao, ndo maana nimeona nifungue uzi tuwajadili kwa kirefu, na mwenye chake aongezee.

Kwanza tuondoe jambo moja. Ferguson maana yake mtoto wa Fergus, na Fergus lilikuwa jina la kawaida sana kwa Waskoti wa zamani waliokuwa wanaongea Kigaeli. Kwaiyo watoto wa Fergus walikuwa kila kona, Ayrshire, Argyll, Perthshire, Aberdeenshire huko, na hawakutoka kwa babu mmoja. Ukoo una mkuu wake, anatoka familia ya Kilkerran kule Ayrshire na wao wanaandika kwa s mbili, Fergusson, lakini mtu kuitwa Ferguson haimaanishi ni ndugu wa Ferguson mwingine. Likumbukeni hilo maana huko chini najua kuna watu watakuja na undugu wa kubuni.

Sasa hoja yangu. Ukiniuliza Ferguson gani kafanya kitu kikubwa zaidi duniani mimi sitaji kocha, nataja Harry Ferguson. Alizaliwa mwaka 1884 karibu na Dromore, County Down, Ireland, mtoto wa mkulima, familia ya asili ya Scotland kama zilivyo familia nyingi za upande ule wa kaskazini waliohamia kuanzia miaka ya 1600. Kazi ya shamba ilimshinda mapema akaenda kwenye gereji ya kaka yake Belfast. Tarehe 31 Desemba 1909 akapaa na ndege aliyoitengeneza mwenyewe pale Hillsborough, kama mita 120 hivi, akawa mtu wa kwanza Ireland kurusha ndege aliyoiunda kwa mikono yake. Umri miaka 25. Hapo bado hajagusa trekta.

Vita ya kwanza ya dunia ikaja, chakula kikawa shida, serikali ikamtuma azunguke mashambani Ireland kuangalia jinsi ya kuongeza kilimo cha mashine. Huko ndiko alikoona tatizo ambalo lilikuwa linaua watu. Naendelea post inayofuata, tafadhali msinikatize sana.

#2 kijiweni_ubungo

Mkuu nakuheshimu ila hapa umeanza vibaya. Huwezi kumuweka mtu yeyote juu ya Sir Alex. Mataji 38 na Man United, ligi 13, FA 5, Ulaya mara 2, miaka 26 na nusu kwenye benchi moja kuanzia Novemba 1986 mpaka Mei 2013, mechi 1,500 kamili, ya mwisho ile 5-5 na West Brom. Trekta limechukua kombe gani

#3 jembe_la_diski

@kijiweni_ubungo tutafika kwa Sir Alex usijali, na nitamsemea vizuri kuliko unavyodhani. Ngoja nimalize huyu kwanza.

Trekta za miaka ile zilikuwa nzito halafu plau ilikuwa inaburutwa kwa mnyororo au kwa chuma kimoja nyuma, yani walichukua plau ya ng'ombe wakaifunga kwenye injini. Ukienda vizuri sawa. Ila plau ikikita kwenye mwamba au mzizi chini ya ardhi, plau imegoma, injini bado inasukuma, matairi ya nyuma hayawezi kwenda mbele, kwaiyo kinachozunguka ni trekta lenyewe, pua inanyanyuka juu, linageuka kichalichali na dereva yuko chini. Watu walikufa sana kwa namna ile.

Harry akafanya hivi. Akaondoa mnyororo, akaweka mikono mitatu nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu katikati, plau ikashikwa pointi tatu ikawa kitu kimoja na trekta. Sasa angalia ujanja wake: plau ikivutwa ardhini inataka kupinduka mbele, kwaiyo ule mkono wa juu unalisukuma trekta kwa mbele na pua inabaki chini. Nguvu ile ile iliyokuwa inaua dereva ndio ikageuzwa kuwa ya kumlinda. Alafu akaunganisha na haidroliki. Udongo ukiwa mgumu, mkono wa juu unabanwa, ule mbano unafungua valvu, plau inanyanyuliwa kidogo, uzito wake unahamia kwenye matairi ya nyuma na yanashika vizuri zaidi. Inafanya yenyewe, dereva hagusi kitu. Ndo maana trekta lake dogo lenye uzito wa tani moja na kidogo tu lilifanya kazi ya trekta kubwa la chuma zito.

Hati ya ubunifu aliipata miaka ya 1920. Trekta la kwanza kuuzwa lenye mfumo huo likatoka 1936 akishirikiana na David Brown. Na hapa ndo nikuulize wewe wa Ubungo: nenda leo kwa mtu yeyote mwenye Kubota, John Deere, New Holland, Swaraj, Mahindra, nenda nyuma ya trekta lake uhesabu mikono. Utakuta mitatu. Kampuni zote duniani zinatumia ubunifu wa Harry Ferguson mpaka leo, na mkulima wa Mbarali, wa Kitale, wa Kibaigwa analimiwa nao.

Kombe gani? Ugali uliokula mchana.

#4 dereva_kiteto

Mleta uzi umegusa kazi yangu. Mimi naendesha trekta la Massey Ferguson 290 msimu wa kulima, nilianza na 135 ya bosi wangu wa zamani. Hiyo ya plau kujinyanyua yenyewe ni kweli kabisa, ukiwa unalima sehemu yenye udongo mfinyanzi mgumu unaisikia trekta inapumua, injini inazama kidogo kisha plau inapanda kama vidole viwili, injini inarudi, plau inashuka tena. Ukiwa mgeni unadhani mbovu. Kumbe ndo ilivyoundwa.

Ila hilo la kugeuka kichalichali bado linaua watu hata leo, wanaofunga mnyororo kwenye mkono wa juu au kwenye ekseli ili kung'oa visiki au kuvuta gari lililokwama. Ndugu zangu madereva, kamba inafungwa chini kwenye towi, kile chuma cha kuvutia, chini kabisa, sio juu. Nimeshuhudia mtu ameondoka hivyo.

Swali, hivi huyu Massey alikuwa nani, mshirika wake?

#5 jembe_la_diski

@dereva_kiteto asante kwa hilo la kamba, watu walisome mara mbili.

Massey-Harris ilikuwa kampuni ya Canada, kubwa tu. Ila kabla ya kufika huko kuna kisa cha Ford ambacho lazima mkijue. Mwaka 1938 Harry alisafiri na trekta lake mpaka Dearborn Marekani akamuonyesha Henry Ford mwenyewe. Mzee Ford akaliona linavyolima, wakakaa kwenye meza pale nje, wakakubaliana kwa kupeana mikono. Basi. Hakuna karatasi, hakuna wakili. Ford atengeneze trekta, Ferguson alete mfumo na auze. Kuanzia 1939 yakatoka trekta zaidi ya laki tatu kwa makubaliano ya mikono tu.

Alafu mzee akaachia ngazi, mjukuu wake Henry Ford wa pili akashika kampuni, akaangalia vitabu, akaona haya makubaliano hayamlipi, akayavunja, na akaendelea kutengeneza trekta zenye mfumo ule ule. Harry akaenda mahakamani Marekani akidai zaidi ya dola milioni 250. Kesi ikachukua miaka. 1952 wakamaliza kwa Ford kulipa dola milioni 9.25. Watu wanasema alishinda, mimi naona alidhulumiwa, maana muda ule mfumo wake ulikuwa tayari uko kila mahali na hati zake zinaelekea kuisha muda.

Wakati kesi inaendelea alikuwa anatengeneza trekta lake mwenyewe Coventry Uingereza, TE20, la rangi ya kijivu, kuanzia 1946 mpaka 1956 yakatoka zaidi ya laki tano. Edmund Hillary, yule wa Everest, alienda nayo mpaka Ncha ya Kusini, akafika tarehe 4 Januari 1958, trekta za kulimia zimevalishwa minyororo zinakatisha barafu. 1953 Harry akaunganisha kampuni na Massey-Harris na baadae jina likafupishwa likawa Massey Ferguson. Leo ni mali ya AGCO ya Marekani. Yeye alifariki 1960, na mwaka uliofuata gari la mbio alilokuwa ameliwekea nguvu kwenye matairi yote manne likashinda mbio za Oulton Park likiendeshwa na Stirling Moss, na mpaka leo ndo gari pekee la Formula 1 la namna hiyo kuwahi kushinda.

#6 wa_eldy

Hapo sawa, sisi huku Bonde la Ufa tumekua tukiona Massey kila shamba, hakuna mtoto wa Uasin Gishu hajui sauti ya hiyo kitu. Lakini mmesahau Ferguson wetu! Ferguson Cheruiyot Rotich, mita 800, shaba mashindano ya dunia Doha 2019 na medali ya fedha Olimpiki ya Tokyo nyuma ya Emmanuel Korir, 1:45.23. Huyo jamaa alikuwa anaitwa Simon, akabadilisha jina akawa Ferguson kwa sababu ya mapenzi ya Sir Alex na Man U. Sasa mniambie, mfalme wa trekta ako na mtu amebadilisha jina kwa ajili yake?

#7 kijiweni_ubungo

Ahsante sana ndugu yangu wa Eldoret, umenimalizia kazi. Mtu anabadili jina kisheria halafu anaenda kuchukua medali ya Olimpiki nalo. Hiyo ndo maana ya kuwa mkubwa.

#8 mpenda_njiwa

Uzi mzuri. Mimi naomba kuwatetea wakina Ferguson wa mpira wengine maana wanafunikwa sana na mzee.

Duncan Ferguson, mzaliwa wa Stirling. Rangers walimnunua 1993 kwa pauni milioni 4 ikiwa rekodi ya Uingereza nzima kipindi kile. Mrefu, kichwa kama nyundo, ila hasira. 1994 akampiga kichwa beki wa Raith Rovers, refa hakuona, lakini polisi waliona. Alikuwa na makosa ya nyuma, akahukumiwa miezi mitatu, akakaa siku 44 gereza la Barlinnie Glasgow kwa jambo lililotokea uwanjani ndani ya mechi. Fikirieni hilo, mchezaji anaenda jela kwa tukio la ndani ya mechi. Na chama cha mpira cha Scotland nacho kikamuongezea adhabu yake juu ya hiyo, akakasirika akakataa kabisa kuichezea nchi yake, akaishia mechi 7 bila goli. Mimi naona walimuonea.

Everton walimpenda na wanampenda mpaka leo. Alibeba FA 1995 wakiwafunga Man United. Na jamaa huyo huyo mwenye hasira za namna hiyo alikuwa mfugaji wa njiwa, anawapenda kweli kweli, ndo maana nimejiita hivi. Kuna mtunzi wa muziki wa okestra kule Finland alimtungia kipande kizima, kikapigwa Helsinki mara ya kwanza tarehe 20 Aprili 2005, na usiku ule ule Duncan akawafunga Man United goli la kichwa, 1-0 pale Goodison. Kocha aliyefungwa siku hiyo ni Ferguson na mfungaji ni Ferguson.

Alafu Barry Ferguson, nahodha wa Rangers, mataji yote matatu ya nyumbani msimu wa 2002/03. Na mwanae Evan Ferguson yule straika wa Brighton aliyepiga hat-trick dhidi ya Newcastle Septemba 2023 akiwa na miaka 18.

#9 mchambuzi_wa_ligi

@mpenda_njiwa hapo mwisho hapana kaka. Evan Ferguson ni Muairishi, na baba yake kweli anaitwa Barry Ferguson na kweli alicheza mpira, lakini ni Barry Ferguson mwingine kabisa, beki wa Dublin aliyepita Coventry. Hii imesambaa sana mitandaoni na watu wanaichukua hivyo hivyo.

Barry wa Rangers familia yake ni hii: kaka yake Derek naye alicheza Rangers, na mtoto wa Derek ni Lewis Ferguson, yule aliyetoka Aberdeen kwenda Bologna 2022. Lewis ndo nahodha wa Bologna, Mei 2025 wamembwaga Milan 1-0 fainali ya Coppa Italia, kombe lao la kwanza kubwa tangu 1974. Mskoti anainua kombe Roma akiwa nahodha wa timu ya Italia. Na mwaka mmoja kabla goti lilikuwa limekatika akakosa Euro 2024. Kwangu huyo kijana ndo stori bora ya sasa kwenye jina hili.

Mtoto wa Sir Alex ni Darren, mmoja wa mapacha, huyu ana medali ya ligi ya 1993 na United, na kama kocha maisha yake karibu yote ni Peterborough, anaondoka anarudi. Darren na akina Lewis hawana undugu.

#10 jembe_la_diski

Ndo maana mwanzo nilisema hawakutoka kwa babu mmoja. Asante @mchambuzi_wa_ligi.

Sasa nimsemee Sir Alex kama nilivyoahidi, ila sitarudia mataji ya United maana hata mtoto wa darasa la tatu anayajua. Kwangu mimi kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya Aberdeen.

Huyu ni mtoto wa Govan, Glasgow, baba yake alikuwa mfanyakazi wa karakana ya meli. Yeye alijifunza ufundi wa kutengeneza zana kiwandani huku anacheza mpira, na akiwa kijana alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, aliongoza vijana kugoma kudai mishahara. Alikuwa mfungaji mzuri sana, msimu wa 1965/66 Dunfermline alipiga magoli 45, Rangers wakamnunua 1967 kwa pauni 65,000, rekodi ya kati ya klabu za Scotland. Akalaumiwa kwa goli moja la fainali ya 1969 dhidi ya Celtic na Rangers wakamtupa. Timu aliyoishabikia tangu utoto, mtaani kwao. Na kwenye ukocha St Mirren wakamfukuza 1978, klabu pekee iliyowahi kumfukuza.

Akaenda Aberdeen. Muelewe ligi ya Scotland ilivyo: tangu Kilmarnock 1965 hakuna timu nje ya Celtic na Rangers iliyokuwa imechukua ubingwa. Yeye akachukua 1980, akachukua 1984, akachukua 1985. Na tangu Aberdeen hiyo ya 1985 mpaka msimu wa 2024/25 hakuna timu nyingine iliyofanya hivyo tena, miaka 40. Mei 11, 1983, Gothenburg, mvua inanyesha, anawapiga Real Madrid 2-1 kwenye muda wa nyongeza fainali ya Kombe la Washindi Ulaya, na wachezaji wote kumi na moja walioanza ni Waskoti. Wote. Hakuna aliyenunuliwa kwa mamilioni. Hilo kwangu linazidi hata usiku wa Camp Nou 1999 United walipochukua Ulaya.

Kuna na hili watu hawalisemi. Septemba 1985 alikuwa msaidizi wa Jock Stein timu ya taifa, mechi na Wales pale Cardiff, Stein akaanguka mwishoni mwa mechi akafariki uwanjani hapo hapo. Ferguson ndo akaipeleka Scotland Kombe la Dunia Mexico 1986 na msiba mzito namna ile. Miezi michache baadae United wakamchukua.

#11 kijiweni_ubungo

Hapo kwa Aberdeen nimekuvulia kofia. Sikujua hilo la wachezaji wote Waskoti.

#12 mama_wawili

Samahani wakuu, naona wanaume tu. Sarah Ferguson yule aliyekuwa mke wa Prince Andrew si naye wa ukoo huo? Na Fergie wa Black Eyed Peas?

#13 mchambuzi_wa_ligi

Ndiyo dada, Fergie jina lake la kuzaliwa ni Stacy Ann Ferguson, wa California. Ongeza na Miriam Ferguson wa Texas, mume wake alikuwa gavana akaondolewa madarakani 1917, mke akagombea 1924 akashinda, akaapishwa Januari 1925, gavana wa kwanza mwanamke Texas. Kampeni yake ilikuwa inawaambia watu wakimchagua wanapata magavana wawili kwa bei ya mmoja. Ila jina la Ferguson ni la ndoa. Na Debbie Ferguson-McKenzie wa Bahamas, dhahabu ya Olimpiki Sydney 2000 kupokezana vijiti mita 100 mara 4, na dhahabu za Jumuiya ya Madola Manchester 2002 mita 100 na 200.

#14 mama_wawili

Huyo wa Bahamas ni mweusi. Jina la Kiskoti limefikaje?

#15 mwanahistoria_mtaani

Dada swali lako ni zito na uzi huu usingekamilika bila hilo. Waskoti walienda kwa wingi Karibiani na Marekani, wengine wakiwa wamiliki wa mashamba ya miwa na pamba, na waliokuwa watumwa wakabaki na majina ya hao mabwana, au wakayachukua baada ya uhuru. Ndo maana utawakuta akina Campbell, Ferguson, Grant, Douglas weusi kuliko sisi kule Jamaika na Bahamas. Uskoti wa jina haimaanishi uliupata kwa hiari.

Na upande wa sheria kuna jaji John Howard Ferguson wa New Orleans. Juni 1892 Homer Plessy, fundi viatu, alipanda behewa la wazungu makusudi ili kuipinga sheria ya Louisiana ya kutenganisha abiria kwa rangi. Jaji Ferguson akatoa uamuzi dhidi yake. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, Mei 18, 1896 majaji 7 kwa 1 wakasema kutenganisha ni halali ili mradi huduma ziwe sawa, na hazikuwahi kuwa sawa hata siku moja. Uamuzi ule ukasimama mpaka 1954 Mahakama Kuu ilipoukataa kwa upande wa shule. Jina la Ferguson likabaki kwenye vitabu vya sheria kwa uamuzi ule. Mwaka 2009 watu wa ukoo wa Plessy na wa ukoo wa huyo jaji walianzisha taasisi kwa pamoja ya kufundisha historia hiyo, na Januari 2022 gavana wa Louisiana akampa Plessy msamaha, miaka zaidi ya 120 imepita.

Alafu mji wa Ferguson, Missouri, alikouawa Michael Brown kijana wa miaka 18 kwa risasi ya polisi Agosti 2014, umepewa jina la William Ferguson, mwenye shamba aliyetoa ardhi kwa reli 1855 kwa sharti kituo kiitwe kwa jina lake. Mimi kila nikisikia jina hili haya ndo yananijia kabla ya mpira. Samahanini kwa kuleta uzito, lakini ni sehemu ya jina.

#16 jembe_la_diski

@mwanahistoria_mtaani usiombe samahani kabisa, hii ndo michango niliyoitaka.

Niongeze wa zamani kidogo. Kuna James Ferguson, mzaliwa wa 1710 Banffshire, maskini wa kutupwa. Baba alikuwa anamfundisha kaka mkubwa kusoma, James mdogo anasikiliza pembeni, wakitoka anachukua kitabu kimya kimya anajaribu, mpaka baba akamkuta anasoma. Akapelekwa kuchunga kondoo. Usiku analala chali porini amejifunika blanketi, ana uzi wenye shanga, anaunyoosha juu ya macho yake anasogeza shanga mpaka kila moja inaziba nyota moja, kisha anaulaza uzi kwenye karatasi karibu na mshumaa anaweka alama. Akachora ramani ya nyota kwa shanga. Huyo mchunga kondoo akaja kuwa mhadhiri wa elimu ya nyota London na 1763 akaingizwa kwenye Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Hakusoma shule zaidi ya miezi michache.

Kuna Adam Ferguson wa Edinburgh, mwaka 1767 aliandika juu ya jinsi jamii za watu zinavyojijenga bila mtu mmoja kuzipanga, wasomi wengi wanamhesabu kati ya waasisi wa sosholojia. Alizaliwa kwenye nyumba ya mchungaji wa kanisa Perthshire, akaongea Kigaeli, akawa mchungaji wa jeshi. Nyumbani kwake majira ya baridi ya 1786/87 ndiko Robert Burns mshairi mkubwa wa Scotland alikutana na Walter Scott aliyekuwa kijana wa miaka 15.

Na huyo Burns alikuwa na deni kwa Fergusson mwingine, Robert, wa s mbili, mshairi wa Edinburgh aliyeandika kwa Kiskoti cha mtaani, akafariki 1774 ana miaka 24 tu kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Kaburi halikuwa na jiwe. Burns alipofika mjini akaomba ruhusa aweke jiwe pale Canongate, kwa pesa yake. Lipo mpaka leo.

#17 wa_eldy

Na Niall Ferguson msisahau, yule mwanahistoria wa Glasgow. Huyo utotoni ameishi Nairobi, miaka michache baada ya uhuru wetu. Lakini mimi sikubaliani naye, anaupamba ukoloni wa Mwingereza sana, na wazee wetu waliofungiwa kambini miaka ya hamsini wana hesabu nyingine. Kuishi Nairobi kwenye nyumba nzuri ukiwa mtoto ni jambo moja, kuandika eti himaya ililetea dunia faida ni lingine.

#18 mwanahistoria_mtaani

Nakuunga mkono asilimia mia.

#19 kijiweni_ubungo

Mleta uzi nimesoma mpaka mwisho. Sitasema trekta ni kubwa kuliko Sir Alex, siwezi kusema hilo nikiwa hai. Ila nimempigia simu mjomba wangu Kilosa nimemuuliza trekta lake lina mikono mingapi nyuma. Kasema mitatu, na ni la Kihindi sio Massey. Hapo umenikamata.

#20 mkulima_mpya

Wakuu samahani naingilia, maana naona kuna mafundi humu. Nimenunua MF 135 ya mtumba mwezi uliopita, injini inawaka vizuri kabisa, gia zote zinaingia, ila ile mikono ya nyuma hainyanyuki hata kidogo. Fundi wa hapa kijijini anasema pampu imekufa na anataka hela ndefu kupasua. Mvua zimekaribia. Nifanyeje?

#21 dereva_kiteto

@mkulima_mpya usipasue kwanza. Hiyo 135 pampu yake ya haidroliki iko ndani katikati ya trekta na inazungushwa na PTO, ule mfumo unaotoa nguvu ya injini kwenda kwenye shafti ya nyuma. Liva ya PTO ikiwa nje, mikono haipandi hata ukae hapo mpaka jioni. Watu wengi wanaonunua mtumba hawaambiwi hilo. Washa injini, kanyaga klachi mpaka chini kabisa, ingiza liva ya PTO, achia klachi taratibu, kisha vuta liva ya kunyanyulia iliyo mkono wako wa kulia pembeni ya kiti.

Ikigoma bado, angalia oili. Oili ya gia na ya haidroliki kwenye 135 ni moja, ikipungua pampu inavuta hewa. Ikiwa nyeupe kama maziwa imeingia maji, imwage yote. Na kuna chujio la pampu humo ndani, likijaa uchafu mikono inapanda kidogo kidogo au haipandi kabisa. Hayo yote ni kabla ya kumlipa mtu kupasua.

#22 mkulima_mpya

Imepanda! Ilikuwa liva ya PTO tu. Fundi alikuwa anataka laki nne.

#23 dereva_kiteto

Safi. Ila mwaga hiyo oili ya zamani kabla hujaanza kulima, na pini za mkono wa juu zikague kama hazijalika.